Aliyeondoka na funguo za stoo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Najua barua za wasomaji mnazipenda fupi, lakini hii imekataa kufupika. Ukilazimika kuikata, kata palipo na sifa zangu, uniachie palipo na hesabu.

Mimi ni mtunza stoo. Miaka zaidi ya ishirini kazi yangu ni kuhesabu spea za magari na kubishana na mafundi wanaodai wamerudisha kitu ambacho hawajarudisha. Kwa sasa nipo kwenye kampuni ya malori kando ya Barabara ya Mandela, hapa Dar es Salaam. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu, nilikuwa na ruhusa ya nusu siku ili nimpeleke mama kliniki. Kwa hiyo Ijumaa jioni nilimwachia msaidizi wangu funguo zote, zake na zangu.

Jumatatu kijana hakutokea. Saa mbili hayupo, saa tatu simu haipatikani. Uani kulikuwa na malori mawili yamepakia mzigo wa Lubumbashi, yanatakiwa yaondoke kuelekea Tunduma. Moja lilisubiri mkanda wa feni, la pili sili ya tairi la nyuma. Vyote viwili vipo, rafu ya nne upande wa dirisha, ningeweza kuvichukua nimefumba macho. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye benchi la kliniki, nikamwacha mama na mdogo wangu, nikapanda bodaboda. Saa tano fundi wa kuchomelea akaja na grainda kukata makufuli. Cheche zikarukia maboksi, nami nimesimama pembeni na ndoo ya mchanga kama mtu wa zimamoto wa kwenye maigizo.

Mchana habari ikafika. Dereva wetu mmoja alimwona kijana kwenye geti la kampuni nyingine, amevaa sare mpya, anaandika namba za magari yanayoingia. Alikuwa ameanza kazi asubuhi ile ile.

Basi uani kote ikawa ni "vijana wa siku hizi". Hawana adabu, hawana subira, wamelelewa na simu. Hata mpishi wa mama lishe, ambaye kijana alikuwa anamdai chenji na siyo kinyume chake, naye alichangia. Mimi nilinyamaza. Wenzangu walidhani nimeumia kwa sababu nilimpenda, na kweli nilimpenda. Lakini nilinyamaza kwa sababu mwaka 2009 na mimi niliondoka hivyo hivyo.

Nilikuwa duka la spea Gerezani, Kariakoo. Mkataba ulikuwa wa mdomo, mshahara unapewa mkononi kila Jumamosi baada ya hesabu. Nikapata kazi kwenye kampuni ya mabasi, yenye mkataba wa maandishi na mshahara wa mwezi. Jumamosi nikapokea hela yangu, nikasema "tutaonana Jumatatu, bosi", na Jumatatu nikawa sehemu nyingine. Nilijiona mjanja. Miaka mingi baadaye ndipo nikaja kujua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa mtu kama mimi niliyekuwa nalipwa kwa wiki na nimeshapita mwezi wa kwanza, ilinidai notisi ya siku nne. Siku nne tu, Mhariri! Hata harusi ya jirani hukaa zaidi ya hapo.

Wiki ya tatu nikiwa kwenye mabasi, bosi wa zamani akanitumia mtu. Klachi pleti 11 hazionekani. Sikuwa nimeiba. Bosi mwenyewe ndiye aliyeniambia niwakopeshe mafundi wa mtaa wa pili, nami nikaandika majina yao kwenye kipande cha boksi la sigara, nikakitia mfuko wa koti la kazi. Koti lilibaki nyuma ya mlango wa duka. Ningebaki zile siku nne, tungehesabu pamoja, kipande kingetoka, mafundi wangeitwa, kesi ingekwisha kwa kikombe cha kahawa. Kwa kuwa sikuwepo, hesabu ilifanywa bila mdomo wangu, na asiyekuwepo ndiye mwizi. Hakunipeleka polisi. Alinisema tu. Miaka mitatu nilipita Gerezani kwa njia ya kuzunguka, kama nadaiwa na mtaa mzima.

Kwa hiyo wanaomlaumu kijana wetu wana haki, na mimi ni wa kwanza kuwapa. Ila wanaacha nusu ya hadithi, na hiyo nusu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwenye mabasi nilikaa miaka minane. Aprili 2017 nikapata kazi kwenye kampuni inayosambaza vinywaji, yenye gereji yake. Safari hii nikasema sirudii ujinga wa Gerezani. Sheria inasema anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku zisizopungua 28, kwa maandishi, aeleze sababu na tarehe ya mwisho. Nikaandika barua, nikachapishiwa steshenari, nikavaa shati langu la kola, nikampelekea bosi Jumatatu asubuhi.

Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Kumbe umeshapata wakubwa." Halafu akamwita mlinzi. Kabla ya saa sita nilikuwa nje ya geti. Mlinzi, ambaye kila Ramadhani tulikuwa tunafuturu sinia moja, aliambiwa anikague, naye akalikagua mpaka kontena langu la chakula, akanyanyua wali kwa kijiko aone kama chini yake kuna beringi. Hakuniangalia usoni. Stoo haikuhesabiwa, sikusaini kitu, na dada wa utumishi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bosi amesema "aliyeacha mwenyewe hana chake".

Kazi mpya ilikuwa inaanza mwezi uliofuata. Siku 26 nilikaa nyumbani nikihesabu dari.

Nilikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Hapo nikajifunza mambo ambayo ningefurahi kama mngeyachapa kila mwezi pembeni ya matangazo ya ajira. Lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, madai mengine ya kikazi ndani ya siku 60, na ukichelewa unaanza kwa kuomba usamehewe kuchelewa kabla hujasikilizwa. Nikajifunza pia kwamba ile kauli ya "hana chake" ni nusu kweli. Kweli ni kwamba anayeacha kazi kwa hiari yake hapati kile kiinua mgongo cha kisheria, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, usiozidi miaka 10. Hicho ni cha anayeachishwa. Lakini siku ulizofanya kazi ni zako, likizo ambayo hukuichukua ni yako, na cheti cha utumishi ni chako pia, awe amekuondoa yeye au umeondoka mwenyewe. Mimi nilikuwa na likizo nzima ya siku 28 sijaigusa, kwa sababu kila nilipoomba niliambiwa "stoo atabaki na nani?"

Tulikaa mbele ya msuluhishi mara moja tu. Bosi hakuja, alimtuma mhasibu. Tukapatana: siku za mwezi ule, likizo, na fedha za notisi. Cheti cha utumishi kilikuja baadaye, jina langu limekosewa herufi moja, nikakikubali hivyo hivyo kwa kuchoka.

Sasa sikia kilichotokea nyuma yangu. Mafundi wote walikuwa wameona mlinzi akichokoa wali. Fundi umeme akapata kazi nyingine mwaka ule ule. Alitoa notisi? Alizima simu. Akafuata karani wa tiketi, akafuata dereva aliyeliacha basi kituoni Ubungo funguo ikiwa kwenye kiti. Bosi aliwafundisha mwenyewe, darasa lilichukua saa tatu na halikuwa na ada. Tunasema kijana amezima simu kwa sababu hana adabu. Mimi nakwambia wengi wanazima simu kwa sababu wameona alichofanyiwa aliyeiacha wazi.

Na msaidizi wangu je, hapa kwetu aliona nini? Nimejiuliza, nimepata jibu, na jibu silipendi. Mwaka jana karani wa mizani alitoa notisi. Hakufukuzwa, hapana. Lakini mwezi mzima aliitwa "msaliti", kwa utani, na siku ya mwisho hakuna aliyemuaga isipokuwa mama lishe. Mimi pia nilicheka kwenye ule utani.

Niseme sasa habari ya mara ya tatu, maana iliniendea vizuri, nami nilikuwa sijui kama jambo hili linaweza kwenda vizuri.

Mwaka 2022 hii kampuni ya malori ilinitaka. Kabla sijaandika chochote nilimweleza mama watoto. Nilitegemea afurahi, maana mshahara ulikuwa unapanda. Yeye akaniuliza swali moja huku anachambua mchele: "Huyo mpya akikukataa mwezi wa tatu, tunakula nini?" Nikamwambia mimi ni mzoefu, hawezi kunikataa. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao, akaendelea na mchele wake.

Swali lile lilinipeleka kwa ndugu mmoja anayejua mambo ya vyama vya wafanyakazi. Akanionyesha kitu ambacho watu wengi wenye miaka yao kazini hawakijui. Sheria inayokukinga usiachishwe isivyo haki haimkingi mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Haijalishi ulikuwa na miaka mitano au kumi na tano kule ulikotoka. Ukivuka geti jipya, kwa kinga hiyo wewe ni mgeni kama aliyetoka shule jana. Kwa hiyo sikuandika barua ya kuacha mpaka nilipokuwa na mkataba mpya umesainiwa na pande zote mbili, una tarehe ya kuanza, una mshahara kwa tarakimu na kwa maneno. Ahadi ya simu ya "we njoo tu, kaka, tutamalizana hapa hapa" niliikataa kwa adabu mara mbili. Na tulijinyima miezi minne tukaweka akiba ya chakula na kodi ya nyumba.

Agosti 3, siku ya Jumatano, nikampelekea barua mzee wangu wa kampuni ya vinywaji. Tarehe ya mwisho, Agosti 31. Moyo ulikuwa unadunda, nilishajiandaa kwa mlinzi na kijiko. Mzee akasoma, akavua miwani, akasema, "Umenitia hasara. Lakini umenipa siku." Kesho yake akatangaza nafasi, na Agosti 15 mrithi wangu akawa ameingia, dada mmoja kijana kutoka Morogoro, ana cheti cha ugavi na kalamu za rangi nne.

Tulihesabu stoo siku nane. Naomba nikae hapa kidogo, maana watu wakisikia "makabidhiano" wanafikiri ni kusaini karatasi na kupeana mikono.

Siku ya pili tulifika kwenye filta za dizeli. Leja inasema maboksi sita. Tukahesabu maboksi sita, yamepangana vizuri. Mimi nikasema, "Sita, andika." Yule dada akasema, "Samahani mzee, naomba tuyashushe." Nilikasirika, nasema ukweli. Miaka mitano naitunza stoo hii, leo napimwa na mtoto. Tukayashusha. Boksi la kwanza zito, la pili zito, mpaka la tano. La sita, lile la chini kabisa lililobeba wenzake, alilinyanyua kwa kidole. Tupu. Limefungwa utepe wake, muhuri wake wa kiwandani haupo, ndani hewa.

Jasho lilinitoka. Tukatafuta kwenye vitabu tangu saa nne mpaka saa tisa. Tukalipata: Machi mwaka ule gari la mkoani lilichukua filta 12 usiku, nikiwa nimelala, zikatolewa na mlinzi kwa kibali cha meneja wa gereji, kibali kikabandikwa kwenye daftari la getini, hakikufika kwangu. Boksi tupu mtu akalirudisha chini ili rafu isiyumbe. Meneja alikuwepo, mlinzi alikuwepo, daftari lilikuwepo. Tukasahihisha leja, tukasaini watatu. Ningeondoka bila siku zile, filta 12 zingenifuata hadi Barabara ya Mandela kama klachi pleti za Gerezani.

Baada ya hapo nilimheshimu yule dada, na siku zilizobaki nikamwandikia daftari la pembeni, la mambo ambayo leja haina mahali pa kuyaweka. Kwamba msambazaji fulani wa oili huleta pipa moja pungufu mwisho wa mwezi na hulileta akiulizwa. Kwamba fundi wa zamu ya usiku akisema "nitasaini kesho", asipewe. Kwamba mlango wa stoo ya nyuma haufunguki kwa ufunguo peke yake, lazima uusukume kwa goti kwanza kisha uzungushe. Kurasa 14. Nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizofanya pale, na haikuwa kwenye mkataba.

Likizo yangu je? Nilitaka siku zilizobaki zihesabiwe ndani ya notisi, niondoke mapema nikapumzike. Dada wa utumishi akanieleza kwa upole kwamba sheria hairuhusu notisi ikimbie sambamba na likizo, akanilipa fedha yake. Na ukitoa notisi kisha ukakataa kufanya kazi siku hizo, mwajiri ana ruhusa ya kukukata malipo ya siku hizo kwenye stahili zako. Haki iko pande zote mbili, ndiyo maana nasema vijana nao waisome.

Septemba 5 nikaanza huku. Mambo mengine yalinibana ambayo sikuyapanga, nayataja haraka haraka. Kadi ya bima ya afya ya zamani ilikufa kabla ya mpya kuzaliwa, na mtoto wangu wa mwisho ana pumu. Tulinunua dawa kwa fedha taslimu wiki tano. Laiti ningejua ningenunua dawa za akiba Agosti, wakati kadi bado hai. Mkopo wa benki nilikwenda kuusema mwenyewe kabla mshahara haujahama, nikiwa na mkataba mpya mkononi, wakaniandikia utaratibu mwingine wa marejesho; jirani yangu aliyenyamaza alipigiwa simu hadi na mdhamini wake. Wenye deni la Bodi ya Mikopo, ile ya wanafunzi wa elimu ya juu, wakumbuke kumwambia mwajiri mpya mapema, maana makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ni afadhali yakatwe kila mwezi kuliko yalimbikizwe.

La NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ndilo lililoniumiza kichwa zaidi. Namba ya uanachama ni moja maisha yako yote, unahama nayo kama jina. Mimi sikujua. Mwaka 2017, nikiwa bado na hasira za mabasi, nilijaza fomu ya uanachama kama mtu mpya, nikapewa namba ya pili. Mwaka 2022 nilipoomba taarifa ya michango yangu ndipo nikakuta niko watu wawili: mmoja amechangia miaka minane kisha akapotea, mwingine amezaliwa 2017 akiwa na miaka karibu arobaini. Kuziunganisha ilichukua barua, nakala za vitambulisho na safari kadhaa. Wanaosema hilo ni jambo dogo wakumbuke kwamba pensheni ya uzeeni inataka michango isiyopungua miezi 180. Yule mtu wa kwanza, peke yake, asingeifikia. Wa pili naye angeitafuta hadi azeeke.

Kuhusu kujifunza kazi mpya sina mengi. Kosa langu lilikuwa moja: kila nilichokikuta nilikilinganisha. "Kule kwetu kadi za stoo zilikuwa za bluu. Kule kwetu fundi haingii ndani." Wiki ya pili mafundi wakanipa jina, Kulekwetu. Mpaka leo wapo wanaoniita hivyo, na mhasibu wetu mpya alidhani ni jina la ukoo, akaliandika kwenye vocha.

Sasa ombi langu, Mhariri, na siyo kwa serikali safari hii, maana sheria ipo. Ni kwa sisi wenye stoo, maduka, gereji, shule binafsi, zahanati, na wote tulioajiri watu watano, kumi, ishirini. Mtu akileta barua ya notisi, tusimfanyie alichofanyiwa karani wetu wa mizani. Ametupa siku 28, tuzitumie kuhesabu. Tutafute mrithi wiki ya kwanza, tusingoje ya mwisho. Fedha zake zihesabiwe kabla hajaondoka, siyo "pita mwisho wa mwezi ujao". Cheti cha utumishi kiandikwe, na jina liangaliwe herufi kwa herufi. Kama hatuna imani naye tena na tunataka aondoke leo, tumlipe hizo siku na tumuage kama mtu. Meneja wangu nimemwambia haya wiki iliyopita. Alisikiliza, akasema niyaandike. Basi nimeyaandika hapa, na nakala nitambandikia mlangoni kwake.

Nimemtafuta pia kijana. Si kwa ugomvi. Nilipata namba yake mpya kwa yule dereva, nikamtumia ujumbe: "Mwanangu, tuhesabu rafu yako, usije ukadaiwa usichokula." Siku mbili kimya. Siku ya tatu bodaboda akasimama getini na bahasha ya kaki haina jina. Ndani zilikuwamo funguo zote, zake na zangu, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ameandika kwa mkono: beringi mbili za lori namba fulani zimetoka Alhamisi, fundi hajasaini. Na mstari wa pili: "Mzee samahani, niliogopa."

Makufuli yale tulishayakata, funguo hazifungui kitu tena. Nimezitundika kwenye msumari juu ya meza yangu. Fundi wa beringi amesaini jana.

Jina langu unalo, Mhariri, lakini naomba usilichapishe.

Mtunza Stoo,
Tabata, Dar es Salaam